Neno la siri la chama lisimtegemee fundi mmoja

MSIMU wa mauzo ya mazao ukifika, ofisi ya chama cha msingi cha ushirika huwa haina muda wa kupoteza. Mzigo unapokelewa, unapimwa, stakabadhi zinaandikwa, orodha ya malipo inaandaliwa, na mkulima anasubiri fedha aliyoitolea jasho tangu shamba likiwa pori.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa kalamu, daftari na karatasi ya kaboni. Leo sehemu kubwa imehamia kwenye kompyuta na simu. Tume ya Maendeleo ya Ushirika Tanzania (TCDC) inao Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, maarufu kwa jina la MUVU. Minada ya baadhi ya mazao inafanyika kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX), na Saccos nyingi zinatunza hesabu za wanachama wake kwenye programu za kompyuta.

Hayo ni maendeleo yanayostahili pongezi. Hata hivyo, yamekuja na kitu kidogo ambacho viongozi wengi wa ushirika hawajakipa uzito unaostahili. Kitu hicho ni neno la siri, ambalo wengine huliita nywila.

Neno la siri likisahaulika, mlango umefungwa. Mhasibu anaweza kuwapo ofisini, umeme upo, mtandao upo na orodha ya wakulima iko mezani, lakini asiweze kuingia kwenye mfumo kwa sababu tu amekosea herufi mara kadhaa na akaunti yake imejifunga.

Kinachofuata kinajulikana. Anapigiwa simu fundi wa kompyuta. Kama fundi yuko safarini, yuko msibani au simu yake haipatikani, kazi inasimama. Akipatikana, anataja neno jipya kwenye simu huku watu wamejaa kaunta, mhasibu analiandika kwenye kikaratasi, na kikaratasi kinabandikwa kwenye kompyuta.

Katika baadhi ya ofisi, njia iliyochaguliwa ni mbaya zaidi. Watumishi watatu wanatumia neno moja la siri "ili kazi isikwame". Fedha ikipotea, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha jina moja, wakati waliokuwa na uwezo wa kuingia ni watatu. Hapo mkaguzi hana wa kumbana na mkulima hana wa kumdai.

Tatizo hili lina dawa, nayo ni utaratibu unaomwezesha mtumishi aliyesahau neno lake la siri kujiwekea jipya mwenyewe, saa yoyote, bila kumtafuta fundi, baada ya mfumo kujiridhisha kwamba kweli ni yeye.

Utaratibu huo si mgeni na wala hauhitaji kubuniwa upya. Kampuni ya Microsoft inao katika huduma yake ya Entra ID, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Azure Active Directory. Google nayo inao katika huduma yake ya Workspace, ambapo msimamizi mkuu wa mfumo ndiye anayeamua kuuwasha au kuuzima kwa watumishi wake. Wauzaji wengi wa programu za Saccos na za maduka nao huweza kuuweka wakiombwa.

Lakini kuwa nao ni jambo moja na kuupanga vizuri ni jambo jingine. Ukipangwa ovyo, unageuka mlango wa uani ambao mwizi anaupita bila kuvunja kufuli. Kwa sababu hiyo mpangilio wake haufai kuachiwa fundi peke yake. Ni uamuzi wa bodi ya chama, sawa na ule wa kuamua nani atie saini kwenye hundi.

Nani aruhusiwe

Swali la kwanza ambalo bodi inapaswa kulijibu ni nani aruhusiwe kujiwekea neno jipya la siri. Katika mfumo wa Microsoft kuna majibu matatu: asiwepo hata mmoja, liruhusiwe kundi lililochaguliwa, au waruhusiwe wote.

Chama chenye busara huanza na kundi dogo, kwa mfano makarani na wahasibu wa matawi mawili. Wakitumia utaratibu huo kwa wiki mbili au tatu, kasoro zitaonekana mapema na zitarekebishwa kabla ya watumishi wote kuingizwa.

Sharti la lazima hapa ni kwamba kila mtumishi awe na akaunti yake mwenyewe. Akaunti inayoitwa "ofisi" au "karani" na kutumiwa na watu wanne haiwezi kuingizwa kwenye utaratibu huu, kwa sababu mfumo hautajua simu ya nani ndiyo ipelekewe namba ya uthibitisho.

Jambo la pili ni watumishi wanaoondoka. Karani aliyeacha kazi Machi akiwa bado na akaunti iliyo hai hadi Oktoba, na namba yake ya simu ikiwa bado ndani ya mfumo, anaweza kujiwekea neno jipya la siri akiwa nyumbani kwake. Akaunti yake inapaswa kufungwa siku ileile anayokabidhi ofisi, na jambo hilo liandikwe kwenye hati ya makabidhiano pamoja na funguo na mihuri.

Funguo mbili, si kamba moja

Swali la pili ni uthibitisho wa aina gani utakaotakiwa, na wa mara ngapi. Mfumo wa Microsoft unamruhusu msimamizi kudai uthibitisho mmoja au miwili.

Wanaushirika hawahitaji somo refu juu ya jambo hili. Vyama vingi vina kasiki lenye funguo mbili, mmoja ukikaa kwa mtumishi na mwingine kwa kiongozi, ili asiwepo mtu wa kulifungua peke yake. Uthibitisho wa aina mbili hufanya kazi kama hiyo. Mwizi mwenye ufunguo mmoja anabaki nje.

Kwa hiyo kwa mtumishi yeyote anayegusa fedha, mizani au daftari la wanachama, uthibitisho uwe wa aina mbili. Kwa mfano, namba inayotumwa kwa ujumbe mfupi wa simu, pamoja na namba nyingine inayotumwa kwenye barua pepe yake binafsi.

Hata hivyo upo mtego. Kama ujumbe mfupi, barua pepe na programu ya uthibitisho vyote viko kwenye simu moja isiyo na namba ya kuifungua, aliyeiiba simu hiyo amepata vyote kwa mkupuo. Hizo ni funguo mbili zilizofungwa kwenye kamba moja. Simu ya mtumishi lazima iwe na namba ya kuifungua, na pale inapowezekana uthibitisho wa pili upitie mahali pengine, kama simu ya mezani ya ofisi.

Mtego mwingine ni wa kusajili barua pepe ya ofisi kuwa ndiyo ya kupokelea namba ya uthibitisho. Mtumishi akisahau neno lake la siri, barua pepe hiyo nayo huwa imefungwa. Ni sawa na kuuacha ufunguo wa akiba ndani ya nyumba uliyoifunga.

Namba ya simu nayo inataka uangalifu. Tanzania ilianza usajili wa laini kwa alama za vidole mwaka 2019, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa njia hiyo zilianza kufungwa. Hatua hiyo ilisaidia, lakini haikumaliza hatari.

Wapo matapeli wanaofanikiwa kuhamishia namba ya mtu kwenye laini nyingine. Pia laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mteja mwingine. Kama namba ya zamani ya karani bado imo ndani ya mfumo, namba ya uthibitisho itamfikia mtu asiyejulikana kabisa na chama.

Ndiyo maana mifumo hii ina kipengele cha kumtaka mtumishi ahakiki taarifa zake kila baada ya muda fulani. Katika mfumo wa Microsoft, muda uliowekwa tangu mwanzo ni siku 180, na msimamizi anaweza kuubadili. Chama cha mazao kinaweza kuupanga muda huo ili uhakiki ufanyike kabla ya msimu kufunguliwa, wala si katikati ya foleni ya wakulima.

Vilevile laini inayosajiliwa iwe kwa jina la mtumishi mwenyewe. Laini ya shemeji au ya rafiki haina tofauti na kumkabidhi mtu huyo ufunguo wa ofisi.

Maswali ambayo kijiji kizima kinayajua

Njia moja inayopendwa kwa sababu haina gharama ni ya maswali. Mfumo humuuliza mtu jina la mama yake, shule ya msingi aliyosoma au chakula akipendacho, na akijibu sawasawa anaruhusiwa kuweka neno jipya la siri.

Dunia imeshaona ubovu wa njia hiyo. Mwaka 2008, Sarah Palin akiwa mgombea mwenza wa urais nchini Marekani, kijana mmoja aliingia kwenye barua pepe yake ya Yahoo kwa kujibu maswali ya aina hiyo. Majibu aliyapata kwenye habari za mgombea huyo zilizokuwa wazi kwa kila mtu.

Mwaka 2015 watafiti wa Google walitoa matokeo ya uchunguzi wao kuhusu maswali hayo. Kwa watumiaji wa lugha ya Kiingereza, mtu anayebahatisha mara moja tu jibu la swali la chakula akipendacho mwenye akaunti alikuwa na nafasi ya asilimia 19.7 ya kupatia. Hiyo ni karibu akaunti moja katika kila tano.

Ikiwa hali ni hiyo kwa watu wasiofahamiana, kijijini ni mbaya zaidi. Karani anayefanya kazi kata aliyozaliwa, jina la mama yake linajulikana na kila aliyehudhuria harusi au msiba nyumbani kwao. Shule aliyosoma wanaijua waliosoma naye, na baadhi yao ndio wanaopanga foleni dirishani kwake.

Microsoft yenyewe haiwaruhusu wasimamizi wa mfumo kutumia maswali hayo, na inawataka watoe uthibitisho wa aina mbili. Chama cha ushirika hakina sababu ya kuwawekea wahasibu wake kiwango cha chini ya hicho.

Taarifa zimfikie mwenyewe

Swali la tatu ni nani ajulishwe neno la siri linapobadilishwa. Hapa mipangilio miwili inapaswa kuwashwa bila mjadala.

Wa kwanza ni ule unaompelekea mwenye akaunti taarifa kwamba neno lake limebadilishwa. Kama si yeye aliyelibadilisha, atajua mapema na kutoa taarifa kabla orodha ya malipo haijaguswa. Taarifa hiyo iende pia kwenye barua pepe yake ya pili, kwa kuwa mwizi aliyeingia kwenye ile ya kwanza anaweza kuifuta.

Wa pili ni ule unaowajulisha wasimamizi wengine pale msimamizi mmoja anapobadili neno lake la siri. Mpangilio huu hauna maana kama chama kina msimamizi mmoja tu. Chama chenye mfumo wake kinahitaji wasimamizi wawili, ili mmoja akiugua, akifariki au akigombana na bodi, mfumo usifungwe pamoja naye.

Ni muhimu pia kutofautisha kuingia kwenye mfumo na kuidhinisha malipo. Aliyejiwekea neno jipya la siri amerudishiwa ufunguo wa ofisi, hajapewa saini ya pili. Malipo yaendelee kutaka idhini ya mtu mwingine. Na kama akaunti imewekewa neno jipya siku hiyohiyo, anayeidhinisha ampigie simu mwenzake na kumuuliza kabla ya kuruhusu fedha zitoke.

Sauti ya simu si kitambulisho

Wapo viongozi wanaosema ni heri kuendelea na fundi, kwa kuwa anawajua watumishi wote kwa sauti. Hoja hiyo inaeleweka, hasa kwa vyama ambavyo vimefanya kazi na mtu mmoja kwa miaka mingi na hajawahi kuwaangusha.

Lakini yaliyotokea Uingereza mwaka 2025 yanatosha kuwafanya wafikiri upya. Aprili mwaka huo, makampuni makubwa ya maduka, Marks & Spencer na Co-op, yalivamiwa na wahalifu wa mtandao. Julai viongozi wa makampuni hayo walihojiwa na wabunge, na ilielezwa kuwa wahalifu walipata upenyo kwa kujifanya watu wengine.

Co-op si jina geni katika historia ya ushirika. Ni chama kinachomilikiwa na wanachama wake, na mizizi yake inafika hadi kwa waasisi wa Rochdale wa mwaka 1844, ambao habari zao hufundishwa kwa wanaushirika duniani kote. Katika uvamizi huo, taarifa za wanachama wake wote milioni 6.5 zilinakiliwa, zikiwamo majina na anwani zao. Baadhi ya rafu za maduka zilibaki tupu, na chama kilitangaza kupoteza mauzo ya pauni milioni 206.

Kama chama cha ukubwa huo kiliumizwa na watu waliojifanya wengine, chama cha msingi kinachomtegemea fundi anayepokea simu akiwa barabarani hakina kinga. Sauti inaigwa, jina la meneja linatajwa, haraka inasingiziwa, na neno jipya la siri linatolewa.

Hii haina maana kwamba fundi hana kazi tena. Watakuwapo watumishi waliopoteza simu, waliobadili laini au walioshindwa hatua za mfumo, na hao watamhitaji. Kinachotakiwa ni utaratibu ulioandikwa. Fundi akate simu na kumpigia mtumishi kwa namba iliyo kwenye jalada lake la ajira, wala si ile aliyopigiwa. Atoe neno la muda ambalo mfumo utamlazimisha mtumishi kulibadili mara tu anapoingia. Kisha tukio liandikwe kwenye daftari na kutiwa saini na mtumishi pamoja na kiongozi mmoja.

Vyama vidogo na wafanyabiashara

Si kila chama kinahitaji kununua huduma hii. Saccos yenye watumishi watatu na kompyuta mbili inaweza kutosheka na daftari hilo la saini mbili, ilimradi kila mtumishi ana akaunti yake na wasimamizi wa mfumo ni wawili. Kwa chama cha namna hiyo, nidhamu ina faida kuliko mtambo.

Gharama nayo ihesabiwe. Katika baadhi ya huduma, uwezo wa mtumishi kujiwekea neno la siri umo ndani ya malipo ya kawaida, na katika nyingine unalipiwa zaidi. Bodi iulize kabla ya kusaini mkataba na muuzaji wa programu. Iulize pia ujumbe mfupi wa uthibitisho unalipwa na nani, na mtumishi asiye na simu ya kisasa atahudumiwa vipi.

Kuna vyama vinavyotumia mifumo ya Serikali au ya benki peke yake. Hivyo havina mamlaka ya kupanga chochote, bali vinafuata utaratibu wa mwenye mfumo. Hata hivyo, havikosi wajibu. Namba za simu na anwani za barua pepe zilizosajiliwa humo ziwe za watu walio madarakani leo. Baada ya kila mkutano mkuu unaobadili viongozi, jambo la kwanza liwe kuhakiki taarifa hizo.

Mfanyabiashara mdogo naye asidhani habari hii haimhusu. Wengi walifunguliwa barua pepe na kijana wa steshenari siku walipokwenda kusajili jina la biashara Brela au kuomba namba ya mlipakodi. Kijana huyo, kwa nia njema kabisa, aliweka namba yake mwenyewe ya simu ili kazi iishe haraka.

Maana yake ni kwamba hadi leo ufunguo wa akiba wa biashara hiyo uko mfukoni mwa kijana huyo, au wa yeyote aliyerithi laini yake. Mwenye duka akikaa dakika 10 na mtu anayemwamini, anaweza kufungua mipangilio ya akaunti yake, kuangalia namba na barua pepe zilizosajiliwa humo, na kuziondoa asizozitambua. Zoezi hilo halina gharama.

Kabla ya msimu, si ndani ya msimu

Muda wa kufanya kazi hii ni miezi ambayo maghala yamefungwa. Kuubadili mfumo wakati magari ya mizigo yako kwenye foleni ni kutafuta lawama.

Watumishi wajiandikishe kwanza. Mfumo wa Microsoft una mpangilio unaomtaka mtumishi kusajili simu na barua pepe yake anapoingia, na ni vyema ukawashwa. Asiyejiandikisha akiwa bado analikumbuka neno lake hatasaidiwa na mfumo siku atakapolisahau.

Kisha lifanyike jaribio. Kila mtumishi, mbele ya meneja, ajiwekee neno jipya la siri kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho. Walioshindwa waandikwe majina pamoja na sababu: simu mbovu, namba ya zamani, barua pepe iliyosahaulika. Orodha hiyo fupi itaisaidia bodi kuliko maelezo marefu ya muuzaji.

Tahadhari moja ni kwamba vyama visiwalazimishe watumishi kubadili neno la siri kila mwezi bila sababu. Mwaka 2017 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilishauri kwamba watu wasilazimishwe kulibadili kwa kufuata kalenda, bali pale panapokuwa na dalili kwamba limevuja. Anayelazimishwa kila mara huishia kuandika Korosho1, mwezi unaofuata Korosho2, na hata mlinzi wa getini anaweza kutabiri la mwezi wa tatu.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda. Jina la mkulima, namba yake ya simu, kilo alizouza na fedha aliyolipwa ni taarifa zake binafsi. Chama kinachobandika neno la siri ukutani kitapata kazi kueleza kwamba kilizilinda.

Wakati umefika kwa maofisa ushirika kuliingiza suala hili katika ukaguzi wao wa kawaida, na kwa Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (Coasco) kuuliza, pamoja na vitabu vya hesabu, nani ana uwezo wa kubadili neno la siri la nani. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi na wengine wanaowafundisha watendaji wa vyama nao waone kuwa somo hili lina nafasi kando ya lile la utunzaji wa stakabadhi.

Wanachama wenyewe wana haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu. Mkulima hahitaji kujua kompyuta ili asimame na kusema: mhasibu wetu akisahau neno lake la siri siku ya malipo, itachukua muda gani kabla hajarudi kazini, na chama kitajuaje kwamba aliyerudi ni yeye?

Bodi iliyofanya kazi yake itajibu maswali hayo mawili palepale, kwa kusoma kwenye muhtasari wa kikao chake. Ambayo haiwezi kujibu ipewe tarehe ya kuleta majibu, na tarehe hiyo iwe kabla maghala hayajafunguliwa.